Waya Mbili Zikutanapo

Watu wengi wakiona gari la zamani limesimama njiani, taa zimezimika, husema mara moja: "Betri imekufa," au "Dinamo imechoka." Pengine ni kweli. Lakini mimi, ambaye kazi yangu ni umeme wa magari hapa Lubumbashi, nimeona mara nyingi kwamba betri ni nzima, dinamo ni nzima, balbu nazo ni nzima, hata waya yenyewe ni nzima. Ubovu uko mahali padogo sana: pale waya moja inapokutana na nyingine.

Mahali hapo twapaita kiungio. Ni kitu kidogo kama ukucha, na bei yake ni ndogo, basi watu hawakifikirii. Mwenye gari huuliza bei ya matairi, huuliza bei ya betri. Lakini ni nani aliyewahi kuuliza: "Fundi, waya zangu umeziunga kwa kitu gani?" Leo nataka tuulize swali hilo pamoja, maana katika jamaa yetu ilitupasa kulijibu kwa uangalifu, na uhai wa watu ulikuwa ndani yake.

Baba yangu mkubwa ana Land Rover ya aina ya Series IIA, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1965. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mbele ya watu mwaka 1948, mjini Amsterdam. Siku zile, baada ya vita, chuma kilikuwa haba katika Uingereza, basi mwili wa gari hilo ulifanywa kwa bati la alumini, na chasisi ikabaki ya chuma. Neno hilo tulishike, maana tutalirudia.

Gari hili si pambo. Baba mkubwa huenda nalo Kasenga, kando ya mto Luapula, kama kilometa 200 kutoka hapa, kuleta samaki. Na akirudi, harudi na samaki tu. Hawezi kumpita mama mwenye mtoto mgongoni kando ya njia, wala mgonjwa anayetafuta hospitali. Kwa hiyo gari la samaki limekuwa gari la watu.

Mwezi wa Februari mwaka 2023 alikuwa akirudi usiku, mvua inanyesha, na watu 7 ndani. Akaona taa za mbele zinakuwa za manjano kama za kibatari. Halafu moshi ukatoka chini ya dashibodi. Alisimama, akawatoa watu wote, akachukua ufunguo wa kufungulia nati, akaitoa waya ya betri. Hakuna aliyeumia. Walilala pale njiani mpaka kukapambazuka.

Gari likaletwa kwangu. Nikafungua dashibodi, nikaona kazi ya gereji moja iliyolitengeneza mwaka uliotangulia. Katika mahali 14 waya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole tu, kisha zimezungushiwa skochi. Kwa joto la injini gundi ya skochi ilikuwa imeyeyuka, skochi imefunguka, maji yameingia. Kiungio kimoja cha taa kubwa kilikuwa kimeungua, na shaba yake iliyo wazi ilikuwa inagusa bati la alumini. Tena, gari hili lina fyuzi 2 tu, na taa kubwa hazipiti katika fyuzi yoyote. Hakukuwa na kitu cha kuukata umeme ila mkono wa Baba mkubwa.

Watoto wake wakasema: "Liuzwe." Yeye akaja kwangu peke yake, akaketi juu ya sanduku la vyombo, akasema: "Mwanangu, sikuombi unipendeze. Niambie neno moja tu. Nikiwapakia watu tena usiku, watafika? Ukisema ndiyo, nitaendesha. Ukisema hapana, nitaliuza kesho."

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda, nilitoe lote lililo bovu, nitie waya mpya, kisha nitamjibu.

Kwanza tuelewe kwa nini kiungio huungua. Taa mbili za wati 60 kila moja ni wati 120. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 10. Umeme huo wote hupita katika kiungio kimoja. Kikiwa kizuri, chuma kimegusana na chuma kwa nguvu, umeme hupita bila taabu. Kikiwa kimelegea au kimeota kutu, chuma hugusana kwa vijincha vichache tu, na umeme hulazimika kusongamana hapo, kama watu wa soko zima wakitaka kutoka kwa mlango mmoja mwembamba. Kiungio kinachokula volti 1 tu, ampea 10 zikipita, huzaa joto la wati 10 mahali padogo kuliko ukucha. Joto huzidisha kutu, kutu huzidisha joto. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Taa nayo huumia. Balbu ya kawaida ikipungukiwa sehemu moja katika kumi ya volti zake, mwanga wake hupungua karibu theluthi. Ndiyo sababu taa za Baba mkubwa zilikuwa za manjano kabla ya moshi. Gari lilikuwa limemwonya.

Sasa, kiungio gani cha kuchagua? Vipo vingi.

Kusokota na kufunga skochi nimekwisha kueleza. Si kiungio, ni deni, na deni hilo hulipwa usiku penye mvua.

Kuna domino, kile cha plastiki chenye skrubu mbili. Katika nyumba chafaa, maana nyumba haitikisiki. Katika gari skrubu hulegea kwa mtikisiko wa njia, na ncha yake hukata nyuzi za shaba moja baada ya nyingine.

Kuna kibano chenye kisu ndani. Unakibana juu ya waya bila kuivua ganda, na kisu hupenya mpaka kwenye shaba. Ni kazi ya dakika moja, na wavivu hukipenda. Lakini kisu hujeruhi nyuzi za shaba na kufungua mlango wa maji. Kwa gari la njia ya mavumbi na matope sikitaki.

Kuna kile ambacho gari hili lilizaliwa nacho. Waya ina kichwa kidogo cha shaba kama punje, unene wake milimeta 4.7, nacho husukumwa ndani ya mrija wa chuma uliovikwa mpira. Nitakiita kiungio cha punje. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji chombo: unakivuta kwa mkono, unakirudisha kwa mkono. Ubaya wake ni kwamba mpira ule haufungi kabisa. Maji huingia, mrija huota kutu na kupoteza nguvu ya kubana.

Kuna kiungio cha ulimi, chenye ulimi bapa wa upana wa milimeta 6.3 unaoingia katika jike lake. Hiki kiko katika magari ya kila nchi, na hapa kwetu kila duka la vipuri linacho. Kinashika vizuri, lakini hakizuii maji.

Tena kuna kiungio cha kufungwa kwa mpira, cha mashini za siku hizi. Kwa habari ya hiki tulibishana sana na mdogo wangu.

Yeye hutengeneza mashini kubwa za mgodi. Alipoona viungio vya punje mezani pangu alicheka, akasema: "Yaya, kwa nini tuhangaike na vitu vya babu zetu? Mashini zetu hulala katika maji na matope, na viungio vyake havifi." Akaweka mezani viungio vya Deutsch vya aina ya DT. Nilivitazama, na kweli ni kazi nzuri. Kila waya ina pini yake, kila pini ina nyumba yake, mpira unafunga mbele na nyuma, na pini ya kipimo cha kawaida inachukua ampea 13. Maji hayaingii.

Nikamwuliza: "Pini ikiharibika Kasenga, itabanwa na koleo gani?" Akasema: "Koleo la pini hizi lenyewe." "Na nani analo kule?" Akanyamaza. Nikamwambia: "Basi fundi wa kule atafanya nini? Atakata kiungio chako kizuri, atasokota waya, atazungushia skochi. Na kesho tutakuwa pale tulipokuwa." Naye hakushindwa, akaniuliza: "Na ndimi zako, Yaya, ni nani atakayezizuilia maji?" Swali lake lilikuwa la haki. Lilinipasa kulijibu kwa kazi, si kwa maneno.

Baba mkubwa alikuwa akitusikiliza. Akasema: "Mchagua jembe si mkulima. Siku tatu mnatazama vitu vidogo kama kunguni." Nikamjibu: "Ni kweli, Baba mkubwa. Lakini mkulima asiyekaza mpini, jembe humrukia mguuni." Akacheka, akatuacha tuendelee.

Mwisho tulipatana hivi. Tulilitazama gari mahali kwa mahali, na kwa kila kiungio tuliuliza maswali matatu. Je, maji na vumbi vitakifikia? Umeme kiasi gani utapita? Na ni nani atakayekifungua siku nyingine, kwa chombo gani?

Jibu la kwanza tulilopata ni la ajabu kidogo: kiungio kilicho bora ni kile kisichokuwapo. Pale penye waya iliyoungwa mara tatu kutoka swichi mpaka taa, tuliweka waya moja nzima. Viungio vingi vya gari vilitoweka hivyo.

Nyuma ya dashibodi, mahali pakavu, tuliweka ndimi za milimeta 6.3 zenye vifuniko. Hapo kuna sheria moja fundi asiisahau: jike lililofunikwa liwe upande wa waya inayotoka betri, na dume lililo wazi liwe upande wa taa. Kiungio kikichomoka, umeme utabaki umevikwa, hautagusa bati.

Karibu na magurudumu na taa za nyuma, mahali matope yanaporushwa, tuliweka viungio vya mdogo wangu. Lakini kila kimoja tulikiachia waya ya ziada upande wake, na ndani ya gari tulitia kopo lenye pini za akiba na koleo lake dogo. Kwa taa kubwa za mbele, Baba mkubwa aliomba tusiondoe viungio vya punje, maana balbu huungua, na yeye mwenyewe huzibadili njiani bila fundi. Tulikubali. Tuliweka mirija mipya, na kila mmoja tukaupaka mafuta ya vaselini kuzuia maji.

Betri na waya nene tulizifunga kwa pete na bolti, kisha tukakaza sawasawa. Halafu tukaongeza fyuzi, hata kwa taa kubwa. Fyuzi haikuwekwa kwa kulinda taa, imewekwa kwa kulinda waya isiwe moto.

Lakini kiungio kizuri kikibanwa vibaya ni kazi bure. Pete, ndimi na punje hubanwa juu ya nyuzi za shaba, na yapasa zishikane mpaka zisiache nafasi ya hewa. Meno hayawezi, nyundo haiwezi, na koleo la kawaida hufanya nusu ya kazi. Kuna koleo la kubania lisilofunguka mpaka umelibana mpaka mwisho. Fundi anayeishi kwa kazi hii alinunue kabla ya kununua simu mpya. Vifuniko vya viungio vina rangi: chekundu ni kwa waya ya milimeta za mraba 0.5 mpaka 1.5, cha buluu ni kwa 1.5 mpaka 2.5, cha manjano ni kwa 4 mpaka 6. Ukitia waya nyembamba katika kiungio cha manjano, utabana hewa. Baada ya kubana, vuta kwa mkono kwa nguvu. Kikitoka, shukuru kwamba kimetoka mezani.

Wengine huuliza: je, kulehemu si bora zaidi? Risasi ya kulehemu hupitisha umeme vizuri. Lakini inapoyeyuka huingia ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu kama kijiti. Pale ugumu unapokwisha na ulaini unapoanza, waya hukatika kwa kutikisika. Ukilehemu, ishikize waya karibu na kiungio isicheze, na ivike mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto.

Tena, itazame shaba yenyewe. Sisi watu wa Katanga, wazee wetu waliyeyusha shaba na kuifanya misalaba ya kufanyia biashara kabla Wazungu hawajafika. Ni aibu kwetu kudanganywa kwa shaba. Lakini sokoni zipo waya za alumini zilizopakwa shaba kwa nje tu. Alumini ya unene uleule hupitisha umeme kama sehemu 6 katika 10 za shaba, nayo huvunjika upesi ikikunjwa. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, mrudishie mwenye duka.

Sasa turudi kwenye mwili wa alumini. Katika gari, umeme ukiisha kufanya kazi katika taa hurudi betri kwa njia ya mwili na chasisi. Lakini alumini na chuma vikigusana penye maji hulana polepole, na unga mweupe huota kati yao. Unga huo haupitishi umeme. Ndiyo sababu watu hubadili balbu mara kumi, na taa ya nyuma hukataa. Sisi tuliipa kila taa waya yake nyeusi ya kurudi, mpaka kwenye bolti moja ya chasisi iliyosuguliwa ikang'aa.

Na rangi zote tulizifuata kama Waingereza walivyoziweka: kahawia kutoka betri, nyeupe kutoka swichi ya kuwashia gari, kijani baada ya fyuzi, buluu kwa taa kubwa, nyekundu kwa taa ndogo, nyeusi kwa kurudi. Gereji ile ilitumia nyekundu kila mahali. Fundi wa namna hiyo huwafunga macho wote watakaokuja nyuma yake.

Kazi ilipokwisha tulipima. Tuliwasha taa zote, tukaweka ncha mbili za kipimo cha volti huku na huku ya kila kiungio. Kiungio kizuri hakili zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti. Viwili vilizidi. Tulivikata, tukavibana upya, tukapima tena. Kisha tukamwagia maji mbele na nyuma, tukaliendesha usiku saa mbili nzima katika njia mbaya, tukapima tena.

Ndipo nilipomwendea Baba mkubwa, nikamwambia: "Watafika. Lakini kwa sharti: kila mwaka, kabla ya mvua za Novemba, uniletee gari nipime." Akasema: "Sharti lako ni jema. Mtu asemaye 'milele' ndiye ninayemwogopa." Tangu siku ile amekwenda Kasenga mara nyingi, na kila mwezi wa Oktoba gari huja. Mwaka uliopita kiungio kimoja cha punje kilikuwa kimeanza kuota kutu. Tulikibadili kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai.

Ndugu msomaji, labda huna Land Rover, wala huna gari lolote. Lakini labda unapanda gari la mwingine, na mtoto wako juu ya magoti. Ukiwa mwenye gari, usione haya kumwambia fundi: "Fungua, nionyeshe ulivyounga." Fundi mwema hatakasirika. Nawe fundi, unapochagua kiungio, usitazame bei tu, wala uzuri wake mezani. Mfikiri yule atakayekifungua baada yako, gizani, penye mvua, mbali na duka, bila vyombo vyako. Mwachie rangi zilizo za kweli, waya ya ziada kidogo, akiba katika kopo, na mchoro mmoja wa karatasi chini ya kiti. Hutamjua jina, naye hatakujua. Lakini kazi yako ndiyo itakayomsaidia kuwafikisha watu kwao.